Makali ya Wembe Hupimwa na Nani?



Siku chache zilizopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia kijana mmoja wa hapa kwetu Ngara akiwa ameshika wembe wa mpini, ule unaokunjwa kama kisu cha mfukoni, ambao siku hizi ni nadra kuonekana. Alikuwa ameurithi kwa babu yake, akaunoa mwenyewe kwa muda wa siku tatu. Akaniambia kwa furaha kubwa, "Maalimu, tazama!" Akapandisha mkono wa kanzu, akaupitisha wembe juu ya mkono wake, na nywele zikaanguka, pahali pale pakawa laini kama kiganja. Akaniuliza, "Je, si mkali?" Nikamjibu kwamba ni mkali kwa nywele za mkono, na kwamba hata kisu cha mama yake cha kukatia mchicha, kikinolewa vema, kitazikata nywele hizo. Akanyamaza. Nikaona kwamba nimemvunja moyo, kwa hiyo nikamkaribisha barazani, tukakaa mpaka karibu na magharibi tukizungumza habari za wembe. Mengi niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, pamoja na moja ambalo sikumwambia.

Huenda msomaji akasema: je, haya nayo ni mambo ya kuandikiwa? Madukani nyembe zimejaa, na kwa kinyozi kuna mashine ya umeme. Ni kweli. Walakini nyumba ya Kiislamu haikai bila wembe. Mtoto akizaliwa, siku ya saba hunyolewa nywele alizotoka nazo tumboni. Mwenye kuhiji akimaliza kazi zake hunyoa kichwa, na imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) katika Hija yake ya Kuaga alimwelekeza kinyozi aanze upande wa kulia kisha wa kushoto. Nywele za sehemu za siri nazo zataka wembe. Tena katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus, naye Imam Muslim akaiandika, tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu amewajibisha kutenda vizuri katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake ili ampunguzie mnyama taabu. Basi ikiwa mbuzi anayo haki ya kudai makali, sembuse mtoto mchanga wa siku saba, ambaye utosi wake bado unadunda kama moyo?

Mimi nilizaliwa Ngara, na mwaka 1979, vita vya Kagera vilipokuwa vimekwisha, baba alinipeleka Biharamulo kwa ndugu yake nisome Kurani huko huku nikiendelea na shule ya msingi. Maalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mzee mwembamba, mtu wa maneno machache, ambaye asili yake ilikuwa Ujiji. Alikuwa na wembe wa mpini ulioandikwa "Solingen" karibu na shingo yake. Sisi watoto tulidhani ni jina la mtu aliyekuwa nao kabla yake. Na kwa kuwa boma la kale la Wajerumani lipo palepale Biharamulo, tukazua hadithi kwamba Bwana Solingen alikuwa mkubwa wa boma lile, akausahau wembe wake siku alipokimbia vita. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Solingen ni mji wa Ujerumani, ambao kwa karne nyingi umekuwa ukifua panga, visu na nyembe. Maalimu hakutusahihisha. Nadhani hadithi yetu ilimfurahisha.

Lakini hakupenda tuone kwamba chuma ni kitu kilicholetwa na wageni. Alitukumbusha kwamba Warongo, ambao makao yao ni pande hizo za Biharamulo na Geita, walikuwa wakiyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyolimia nchi nzima ya kandokando, zamani kabla ya boma lolote kujengwa. Na tunajua leo kwamba kule Katuruka, karibu na Bukoba, wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za chuma za yapata miaka 2,000 iliyopita. Tofauti ya jembe na wembe, alisema, ni kwamba jembe hupimwa na udongo, na udongo haulii.

Kila Alhamisi jioni alitunyoa. Tulikuwa wavulana zaidi ya ishirini, tukipanga mstari uani, na beseni moja la maji lilikuwa mbele yetu. Kila msomaji anaujua msemo wa kwamba mwenzako akinyolewa zako tia maji. Watu huutumia kwa kuonyana juu ya balaa. Sisi tuliutimiza kama ulivyo: aliye mbele akianza kunyolewa, wa nyuma yake alichota maji akajimwagia kichwani, akazisugua nywele kwa sabuni, sabuni ikipatikana. Maalimu alisema kwamba aliyeutunga msemo ule hakika alikuwa kinyozi, kwa sababu unywele mkavu ni mgumu ajabu, na ule uliokaa majini dakika mbili tatu hunywa maji, ukavimba na kulainika, wembe ukapita bila kugombana nao. Hata leo wengi wanaolalamika kwamba wembe wao ni butu, kosa si la wembe, hawakutia maji.

Makali aliyapima kwa njia nyingi, na alizipima mapema, nyuma ya nyumba, tusimwone. Alisema si adabu kumnolea mtu wembe machoni pake, kama vile isivyofaa mnyama kunolewa kisu huku anatazama.

Kwanza aliutazama. Jua likiingia dirishani, aliushika wembe makali yakimwelekea, akauinamisha kidogo kidogo. Makali yaliyosenea hurudisha nuru: utaona mstari mweupe kama uzi, au vidoto vinavyometa, na kila kidoto ni mahali palipolala au palipomeguka. Makali yaliyo sawa huoni kitu, chuma chaishia gizani tu. Akasema, makali unayoyaona si makali.

Kucha aliitumia wembe ukiwa bado kwenye kinoo. Alilowesha ukucha wa kidole gumba, akauburuta wembe juu yake kwa uzito wake wenyewe bila kuukandamiza. Ulio butu huteleza kama juu ya kioo. Ulio na pengo hugota, na kucha hulisikia pengo ambalo jicho haliwezi kuliona. Ulionoleka huingia polepole, sawasawa, tangu kisigino hata ncha. Lakini wembe uliokwisha kumalizwa hakuutia kwenye kucha hata siku moja, maana kucha ni kitu kigumu na huharibu kile kile unachokipima.

Kwa nyama ya kidole gumba alitukataza kabisa, ijapokuwa mwenyewe alifanya. Kidole chenye unyevu huguswa kwenye makali kwa kukingama, wala hakiburutwi kamwe kuyafuata, na mkono uwe mwepesi kama wa mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Wembe butu unausikia kuwa ni kipande cha chuma. Wembe mkali unanata, kana kwamba unataka kukishika kidole usikiache. Mchezea wembe humkata mwenyewe, nasi tulimwamini kwa sababu mmoja wetu alijaribu.

Upo tena mtihani wa unywele, ambao ni mashuhuri katika nchi za watu wenye nywele nyoofu. Huko mtu hushika unywele mmoja ukaning'inia, akaugusisha makali, nao ukikatika bila kusukumwa husema kwamba wembe umeiva. Nywele zetu sisi haziningʼinii. Ukiushika mmoja unajisokota kama vile mmea wa boga unavyojisokota kushika uzio. Maalimu akiutaka mtihani huo alichomoa unywele katika ndevu zake nyeupe, akaunyosha kati ya vidole viwili, akauleta kwenye wembe taratibu. Na alijua udhaifu wake: unywele wa ndevu ni mnene kuliko wa kichwa, mkavu hukatika tofauti na wenye maji, na ukiuvuta sana utakatika kwa kuvutwa, si kwa makali. Kwa hiyo hakupata kusema kwamba wembe ni mkali kwa sababu ya unywele mmoja. Alisema, "Unywele umeshuhudia," kama kadhi aliyemsikiliza shahidi mmoja naye anamngoja wa pili.

Shahidi wa pili alikuwa shavu lake mwenyewe. Hakuna siku aliyotunyoa kabla ya kujinyoa kidogo upande mmoja wa uso. Watu husema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Yeye alijinyoa, na mara nyingine alijikata, kisha akarudi kwenye mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye nguzo ya uani.

Na hukumu je? Hukumu haikuwa yake. Alimketisha mvulana wa kwanza, akapitisha wembe mara moja juu ya sikio, akasimama, akauliza, "Unasikiaje?" Jibu lililotakiwa lilikuwa, "Sisikii kitu." Mvulana akisema, "Unavuta," Maalimu hakubishana naye, wala hakumwambia avumilie kiume kama vinyozi wengi wanavyosema. Aliinuka, akaenda kwenye mkanda, akarudi. Nilimwona siku moja akiinuka mara nne kwa ajili ya mtoto wa miaka saba ambaye sote tulijua ni mlizi.

Kijana wangu wa barazani aliposikia hayo aliuliza swali zuri: "Maalimu, unywele ni kitu laini, na chuma cha pua ni kigumu. Wembe unaseneaje kwa kukata kitu laini?" Ndipo mjukuu wangu, ambaye simu haimtoki mkononi, akatusomea kwamba mwaka 2020 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani walilichunguza jambo hilo kwa darubini, na jarida la Science likalichapa. Pua ya wembe ni ngumu mara 50 kuliko unywele. Hata hivyo unywele ukiinama mbele ya makali ukayabana kwa ubavu, na mahali pale chuma kikawa hakilingani ugumu wake, kipande kidogo sana humeguka. Kwa hiyo wembe hausenei kwa kuliwa kidogo kidogo tu kama kinoo; humeguka. Nikamwambia kijana kwamba Maalimu hakuwa na darubini, lakini alituamuru tuivute ngozi itandae, na wembe ulale karibu na ngozi usisimame wima, ili unywele usipate nafasi ya kuinama.

Nikamwongezea jambo ambalo vijana wenye vipele vya ndevu wangelipenda kulijua. Nywele zetu zilizojisokota, zikikatwa kwa kwenda kinyume cha zinakoelekea, hukatwa chini mno ya ngozi, kisha zinapoota ncha yake hujikunja ikaingia mwilini, pakatunga kipele. Wengi hudhani wembe ni butu, wakakandamiza zaidi, na kipele kikawa viwili. Fuata zinakoelekea, pita mara moja, uache kutafuta ulaini wa kioo. (Juu ya vijana wanaonyoa ubavu mmoja na kuacha kishungi katikati, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) alilikataza, sitasema mengi, maana nimekwisha kusema mengi madrasani na vishungi bado navihesabu.)

Maalimu alipofariki, mwaka 1991, wembe ulinijia mimi. Nilikuwa kijana, nikajiona nimerithi elimu pamoja na chuma.

Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, watu yapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani Ngara kwa muda wa saa 24, na pale Benaco pakawa mji wa mahema kabla hatujajua la kufanya. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokwenda kusaidia kubeba maji na kugawa. Juma la pili nilimwona mtu chini ya mti akinyoa watu. Alikuwa amekimbia na wembe wa mpini uliovunjika ncha, na jiwe la mtoni lililo bapa. Mali yake nyingine sikuiona. Mkanda hakuwa nao, basi alitumia kiganja chake: mgongo wa wembe ukitangulia na makali yakifuata, kwenda na kurudi, mara thelathini kila upande, kwa wepesi ambao sikuwahi kuuona. Nilimtazama kwa muda mrefu nikitaka kujua anapima kwa njia gani. Hakugusa kucha wala unywele, hakuuliza neno. Alitazama kope za anayenyolewa. Mzee aliyekuwa mbele yake alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala siku nyingi. Wembe ulipopita mara ya tatu, kope zikalegea, kichwa kikainama juu ya mkono wa kinyozi. Yule mtu akanionyesha kwa kidevu, kana kwamba ananiambia, umeona? Akaendelea kunyoa akiwa amekishika kile kichwa kwa mkono mmoja.

Sasa nilifikie lile ambalo sikumwambia kijana.

Mwaka 1996 niliitwa katika kijiji kimoja kati ya Lusahunga na Nyakahura kumnyoa mtoto wa siku ya saba. Mbuzi wa akika alikuwa amekwisha kufungwa, wageni wamekaa, nami nilichelewa kwa sababu ya usafiri. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeunoa wembe kwa pupa, upande mmoja zaidi ya mwingine. Nilipofika nikaugusa kwa kidole: ukanata. Nikachukua unywele wa ndevu zangu: ukakatika kama utando wa buibui. Nikafurahi. Mashahidi wawili, nikasema moyoni. Shavu langu sikulijaribu, kwa kuwa watu walikuwa wakingoja, nami sikutaka wanione nikijinyoa mbele yao.

Wembe ulikwenda vizuri mara nne au tano. Kisha juu ya sikio la kulia nikasikia mkwaruzo mdogo, kama mchanga chini ya kiatu. Ilinipasa kusimama. Sikusimama. Mara iliyofuata damu ikatoka.

Lilikuwa jeraha fupi, nalo halikuwa la hatari, lakini kichwa cha mtoto mchanga kina damu nyingi na kitambaa kilikuwa cheupe. Bibi yake akalikandamiza kwa kidole gumba, akakaa nalo hivyo hata likakoma, bila kunitazama. Hakuna aliyenilaumu. Mama yake alisema, "Ni mipango ya Mungu, Maalimu," nami nikaona haya kuliko kama angelinitukana, kwa sababu mipango ile ilikuwa yangu.

Ilinichukua muda kufahamu kilichotokea, na nakieleza ili kisimpate mwingine. Ukinoa upande mmoja kupita kiasi, chuma kwenye ukingo huwa chembamba mno hata hakiwezi kusimama. Huinamia upande wa pili kama utepe usioonekana kwa jicho. Utepe huo ni mkali ajabu. Hunata kwenye kidole, hukata unywele, hudanganya kila shahidi unayemleta. Lakini hauna nguvu ndani yake. Ukipita ngozini mara chache hujikunja au humeguka, na mahali pake panabaki meno kama ya msumeno. Dawa yake ni kulegeza mkono mwishoni mwa kunoa, kugeuza upande kwa kila mpito, kisha kuupitisha kwenye mkanda, na baada ya hayo kuupeleka kwenye shavu lako mwenyewe, kwa kuwa shavu ndilo linalougundua uwongo wa utepe ule. Mtoto wa siku saba hawezi kusema, "Unavuta." Hulia akinyolewa kwa wembe mzuri, hulia akinyolewa kwa mbaya. Asiyeweza kujibu, lazima wewe uwe umejibu kwanza kwa ngozi yako.

Na hapa pana jambo zito kuliko jeraha lile. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera. Mwaka ule ule, wenye umri wangu wanakumbuka, madukani mlikuwa hamna kitu: sabuni ni ya kutafuta, nguo ni ya kutafuta, wembe wa dukani ukiupata ulinyoa nyumba nzima mpaka unashika kutu. Nasi pale Biharamulo, wavulana zaidi ya ishirini, tulipokezana wembe mmoja wa Bwana Solingen, ambao Maalimu aliufuta kwa kitambaa baina ya kichwa na kichwa. Hakuna aliyejua. Wala sisemi kwamba yuko aliyedhurika. Kitu nilichokuwa nikikiona kikipita kichwa hata kichwa ni mapunye. Lakini nikikumbuka mstari ule, mwili hunisisimka.

Maana makali siyo usafi. Bali tazameni: kadiri wembe ulivyo mkali, ndivyo mkato wake usivyosikika. "Sisikii kitu" ni jibu la kweli juu ya makali, na si jibu lolote juu ya damu. Mkato mdogo usiosikika waweza kutoa tone lisiloonekana, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa hai nje ya mwili, juu ya chuma kilichokauka, kwa siku 7 au zaidi. Siku ile ya 1996 nilikuwa nimekwisha kusikia habari za maradhi haya. Niliuchovya wembe katika bakuli la maji ya moto nikahesabu kumi, nikadhani nimefanya. Sikuwa nimefanya kitu. Tangu mwaka uliofuata wembe wa Maalimu haujagusa ngozi ya mtu yeyote ila yangu, nami nimeuusia uende kwa mtu mmoja tu baada yangu. Yule kijana nilimwambia vivyo hivyo: wembe wa babu yako ni wako peke yako, usimwazime hata ndugu yako wa tumbo moja.

Mtaniuliza: ikiwa ni lazima kinyozi aujaribu wembe kwenye ngozi yake kwanza, na ikiwa ni haramu wembe uliomgusa mmoja kumgusa mwingine, hayo mawili yatakutanaje? Mimi mwenyewe lilinisumbua kwa miaka.

Yule mtoto wa 1996 sasa ni mtu mzima, ana mke, na mwaka jana Mwenyezi Mungu alimjaalia mtoto wa kiume. Akaja hapa Ngara kunialika siku ya saba. Juu ya sikio lake la kulia pana alama ndogo kama punje ya mchele, ambayo nywele haziioti. Nilimfundisha alifu na bee huku nikiitazama. Nikamwambia, "Mwanangu, mtafute mwingine. Wajua aliyekutia alama hiyo?" Akacheka, akasema mama yake alimweleza tangu utotoni, na kwamba ndiyo sababu ananitaka mimi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kumkata mtoto hatamkata wa pili. Sikuwa na hakika kwamba hoja hiyo ni sahihi, lakini nilikwenda.

Nilinunua pakiti moja ya nyembe za dukani, mpya, na vipini viwili vya kuzishikia. Nikaketi mlangoni kwenye mwanga, nikaufungua wembe wa kwanza mbele yao, nikautazama makali yake nisione kitu. Nikampa baba wa mtoto akajinyoe shavu moja, maji akiwa ameyatia. Nikamuuliza, "Unasikiaje?" Akasema, "Sisikii kitu." Wembe ule nikautia katika kopo la bati la kutupia. Nikatwaa wa pili katika pakiti ile ile, nao nikautazama vile vile, nikaushika kwa kipini cha pili. Mtoto tulimlowesha kwa maji ya vuguvugu, tukangoja, kisha nikaanza upande wa kulia. Alilia tangu mwanzo hata mwisho, mkono wangu ukatoka jasho, na sikusikia mkwaruzo.

Nilipomaliza nilimkabidhi kwa bibi yake, ndiye mama yule aliyeniambia maneno ya mipango ya Mungu. Akamchukua mpaka mlangoni palipo na nuru, akakipapasa kichwa chote kwa ncha za vidole, polepole, na juu ya sikio la kulia akapita mara mbili. Wembe nikautia koponi. Yeye akazikusanya nywele katika karatasi, akauliza mizani iko wapi zipimwe, sadaka yake ijulikane.